Eleos, na mstari uliobadilika njiani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza somo la Biblia la Jumatano jioni katika mtaa wetu wa usharika. Kikundi chenyewe ni kidogo: akina mama saba au wanane, wazee wawili, na kijana mmoja anayekuja na simu badala ya kitabu. Tulipofika Mathayo sura ya 9 nilikuwa nimeandaa somo langu vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Yesu ameketi chakulani nyumbani kwa mtoza ushuru, Mafarisayo wananung'unika, naye anawajibu kwa kuwarudisha darasani: "Lakini nendeni, mkajifunze maana yake maneno haya, Nataka rehema, wala si sadaka." Nikaeleza kwamba maneno hayo ni ya nabii Hosea, nikamwomba mama mmoja, muuza vitumbua anayejulikana kwa kusoma kwa sauti nzuri, atusomee Hosea 6:6. Akavaa miwani, akasoma taratibu: "Maana nataka fadhili wala si sadaka, na kumjua Mungu kuliko sadaka za kuteketezwa." Akanyamaza. Akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasoma tena kimoyomoyo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huku ni fadhili, kule ni rehema. Nani amekosea?" Kabla sijafungua kinywa akaongeza la pili: "Na kama hataki sadaka, kikapu cha Jumapili tunampelekea nani?"

Watu walicheka, nami nikajibu kwamba maana ni ile ile. Hilo ni jibu la mtu anayetaka kuwahi nyumbani. Maana si ile ile, na tangu jioni hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno lililo katikati ya mistari hiyo miwili, neno la Kigiriki ambalo sisi hatulioni kwa sababu limejificha nyuma ya Kiswahili cha Mathayo. Neno hilo ni eleos. Hosea hakulitumia, kwa kuwa yeye hakusema Kigiriki. Mathayo alilitumia kwa sababu ndilo lililokuwa tayari katika Maandiko ya Kigiriki yaliyokuwa yakisomwa na Wayahudi wengi wa zama zake. Watafsiri wetu wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 nao waliifuata lugha ya asili ya kila kitabu, Kiebrania kwa Agano la Kale na Kigiriki kwa Agano Jipya, na hivyo mshono ambao Kigiriki kiliuficha ukabaki wazi katika Kiswahili. Hakuna aliyekosea, ila mstari ulibadilika njiani.

Hosea alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, karne ya 8 KK, na neno alilotumia ni hesed. Limo katika Agano la Kale la Kiebrania zaidi ya mara 240, na aliyewahi kuimba Zaburi ya 136 ameshaimba tafsiri yake mara 26, kwa kuwa kila mstari wa zaburi hiyo unaishia na "kwa maana fadhili zake ni za milele." Hesed ni wema unaotendwa ndani ya uhusiano: baina ya watu waliokula kiapo, baina ya mwenyeji na mgeni wake, baina ya Mungu na watu aliofanya agano nao. Daudi alipokwisha kutawazwa aliuliza kama amesalia mtu yeyote wa nyumba ya Sauli ili amtendee hesed kwa ajili ya Yonathani. Akaletewa Mefiboshethi, kiwete wa miguu yote miwili, na tangu siku hiyo Mefiboshethi akala mezani pa mfalme. Tukiisoma hadithi hiyo haraka tunaweza kudhani kwamba mfalme alimwonea huruma mlemavu. Lakini Daudi alianza kumtafuta kabla hajajua kama yuko, wala hajajua kama anatembea au hatembei. Alikuwa na ahadi kwa rafiki aliyekufa, na alikuwa anailipa.

Kwa hiyo "fadhili" ni chaguo zuri sana, na nadhani hatulithamini vya kutosha. Kiswahili kinajua kwamba fadhili huacha kumbukumbu kati ya watu wawili. Ndiyo maana tunasema "fadhila ya punda ni mateke" kwa mtu aliyetendewa wema kisha akageuka: punda wa methali analaumiwa kwa sababu amesahau, na asiyekuwa na uhusiano na mtu hana cha kusahau. (Siku hizi neno limechukuliwa na miradi. "Mfadhili" ni yule mwenye nembo kwenye fulana na kwenye ubao wa kisima, na "ufadhili" ni ada ya chuo. Hata hivyo ladha ya zamani haijaisha: mfadhili naye hukasirika akisahauliwa.) Hosea analalamika mistari miwili tu kabla ya ule tuliousoma kwamba fadhili za watu wake ni kama wingu la asubuhi, kama umande unaotoweka mapema. Hasemi kwamba mioyo yao ni migumu. Anasema kwamba hawadumu.

Sasa tuende Aleksandria, Misri, ambako kuanzia karne ya 3 KK Wayahudi waliokuwa wakiongea Kigiriki walianza kutafsiri Maandiko yao, kazi tunayoiita Septuaginta. Walipofika kwenye hesed walihitaji neno la Kigiriki, na mara nyingi kabisa wakachagua eleos. Mtu aliyesoma Kigiriki cha kawaida angeshangaa, kwa maana eleos la Wagiriki lilikuwa jina la hisia. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha ufasaha, analieleza kuwa ni maumivu ayapatayo mtu aonapo jambo la kuangamiza au la kuumiza likimfika asiyestahili, jambo ambalo mwenyewe angeweza kutazamia limfike yeye au mmoja wa watu wake. Maelezo hayo ni makali: nakuhurumia kwa sababu najiona ndani yako, na kwa sababu naamini hukustahili. Anayestahili adhabu yake hana haki ya eleos, na mtu ambaye msiba wako hauwezi kumgusa kabisa hawezi kukuonea eleos.

Makao ya kawaida ya hisia hiyo yalikuwa jukwaa la tamthilia na mahakama. Athene walikuwa hata na madhabahu ya Eleos sokoni, na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliandika kwamba kati ya Wagiriki wote wao peke yao ndio waliomtukuza. Mshtakiwa wa Athene alizoea kuwaleta watoto wake mbele ya mahakimu walie, ili eleos ifanye kazi ambayo ushahidi umeshindwa. Mwanafalsafa Socrates, aliposhtakiwa mwaka 399 KK, alisema wazi kwamba anao wana watatu na kwamba hatawaleta, kwa sababu hakimu hakuwekwa pale agawe haki kama zawadi. Wastoa, wanafalsafa waliokuja baadaye, walikwenda mbali zaidi, wakalihesabu eleos miongoni mwa magonjwa ya nafsi.

Hilo ndilo neno ambalo watafsiri wa Aleksandria walilikabidhi mzigo wa agano. Kwa nini wakalichagua hilo, sidhani kama kuna jibu moja, lakini matokeo yanaonekana. Neno likitumika mara mia mbili mahali ambapo Kiebrania kina hesed, linaanza kusema kwa lafudhi ya Kiebrania. Hata sarufi yake ilihama: katika Kigiriki cha kale eleos ni la jinsia ya kiume, na katika Septuaginta na Agano Jipya kwa kawaida ni la ile jinsia ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. Likapata pia vitenzi vipya. Mgiriki wa kawaida huona eleos, au huwa na eleos, haambiwi "kufanya eleos pamoja na mtu." Ila Kiebrania ndivyo kinavyosema, kufanya hesed pamoja na fulani, na msemo huo ukaingia katika Kigiriki cha Wayahudi ulivyo, kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji huku viatu ni vya kwao.

Ukitaka kuusikia msemo huo katika Agano Jipya, soma wimbo wa Zakaria katika Luka sura ya 1, hasa mstari wa 72: "Ili kuwatendea rehema baba zetu, na kulikumbuka agano lake takatifu." Baba hao ni Ibrahimu na wenzake, waliokufa karne nyingi zilizopita. Mtu hawezi kuonea huruma wafu waliokwisha pumzika, ila anaweza kabisa kutimiza ahadi aliyowapa. Eleos limo mara tano katika sura hiyo moja ya Luka, na kila nikisoma "rehema" pale nikaweka "fadhili" mahali pake, mstari unasimama vizuri zaidi.

Sitaki, hata hivyo, kulitupa neno rehema, na hapa inanibidi nimtaje jirani yangu. Yeye ni maalim wa madrasa, mtu wa makamo aliye mwangalifu sana na maneno. Nilimkuta barazani kwake Alhamisi iliyofuata, nikamwamkia, nikamweleza tatizo langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba katika Kiarabu rahma, yaani rehema yetu, imetoka katika mzizi mmoja na rahim, tumbo la uzazi, na kwamba ndugu wa damu wanaunganishwa na neno hilo hilo. Nilipokwenda kuangalia Kiebrania nikakuta jambo lile lile: rahamim ni rehema, na rehem ni tumbo la mama. Lugha hizo mbili ni ndugu, na kuhusu hili ni ndugu wa tumbo moja, kama tunavyosema sisi. Kwa hiyo neno ambalo tunalitumia kila siku bila kulitazama lina tumbo ndani yake. Tunampa mtoto wa kike jina la Rehema. Tunamwita aliyefariki "marehemu," yaani aliyerehemiwa, na tunalisema hilo hata kwa mtu ambaye tukiwa peke yetu tunatilia shaka kama amerehemiwa.

Hosea naye alikuwa na binti mwenye jina la mzizi huo. Katika sura ya kwanza anaamriwa amwite Lo-ruhama, maana yake "asiyerehemiwa," na akina mama wa kikundi chetu, ambao wawili kati yao wana mabinti waitwao Rehema, walisikitika kuliko nilivyotarajia nilipowaeleza kwamba mtoto yule ni Rehema wao aliyepewa "si" mbele ya jina. Septuaginta inaliandika jina hilo kwa kitenzi cha eleos: "asiyepewa eleos." Kwa hiyo katika kitabu kimoja cha Hosea, Kigiriki kiliyachukua maneno mawili ya Kiebrania, hesed la sura ya 6 na lile la tumbo la uzazi la sura ya 1, kikayatia katika chungu kimoja. Tangu hapo msomaji wa Kigiriki hawezi kuyatenganisha, na pengine hakutakiwa. Waraka wa kwanza wa Petro unapowaambia wasomaji wake kwamba walikuwa hawakupata rehema bali sasa wamepata, binti wa Hosea ndiye anayebadilishiwa jina.

Turudi mezani kwa mtoza ushuru. Kama eleos la Mathayo 9:13 ni huruma tupu, basi Yesu anawaambia Mafarisayo kwamba wana mioyo mikavu, na hivyo ndivyo nilivyohubiriwa tangu utoto. Kama ndani yake imo hesed, lawama inageuka. Watoza ushuru wale walikuwa Wayahudi. Walitahiriwa siku ya nane, walikuwa wana wa Ibrahimu kama wale waliowanyooshea kidole. Kosa wanaloshtakiwa Mafarisayo ni kuwakana jamaa zao, kufanya kana kwamba agano linaweza kuvunjwa kwa sababu ndugu amechukua kazi mbaya. Mathayo anairudia nukuu hiyo katika sura ya 12, wanafunzi wenye njaa walipolaumiwa kwa kuvunja masuke siku ya sabato, na katika sura ya 23 eleos linatajwa pamoja na adili na imani kama mambo makuu ya sheria, wakati walaumiwa wanapima zaka za mnanaa na bizari na jira. Huruma haikai vizuri kati ya adili na imani. Fadhili inakaa, kwa maana zote tatu ni namna za kutomgeuka mwenzako.

Swali la pili la mama wa vitumbua lilinichelewesha zaidi. Neno ambalo Biblia ya Union inaliita "sadaka" katika mstari huu ni thysia, yaani mnyama aliyechinjwa madhabahuni, na baadhi ya tafsiri za Kiswahili za baadaye zimeandika "dhabihu," jambo ambalo lingemwepusha na kikapu. Lakini ukifungua Mathayo 6, pale Yesu anapofundisha kutoa sadaka kwa siri, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, Kigiriki chake ni eleemosyne. Na eleemosyne ni mtoto wa eleos: ni eleos iliyogeuka kuwa kitu mkononi, mkate au sarafu apewayo maskini. Kwa hiyo katika Kiswahili chetu neno moja, sadaka, linasimama pande zote mbili za uzio. Msomaji wa Mathayo kwa Kigiriki anasikia "nataka eleos, si kuchinja," na sura tatu nyuma amesikia kwamba kumpa maskini ni tendo la eleos. Msomaji wa Kiswahili anasikia "nataka rehema, si sadaka," akikumbuka kwamba sura ya 6 imemfundisha jinsi ya kutoa sadaka. Si ajabu akauliza habari za kikapu. Jumatano iliyofuata nilimjibu kwamba inategemea kikapu kinakwenda wapi baada ya kuhesabiwa: kikiishia kwa mjane, ni eleos, na kikiishia kwenye rangi ya ukuta, labda ni thysia. Mzee wa kanisa aliyekuwepo hakucheka.

Inanipasa pia kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilifundisha, kwa kujiamini kabisa, kwamba eleos limetokana na elaion, mafuta ya zeituni, na kwamba kuomba rehema ni kuomba mafuta yamiminwe kwenye jeraha. Nilikuwa nimelisikia kwa mhubiri mmoja, na lilinoga kwa sababu Msamaria wa Luka 10 anatia mafuta na divai. Watu waliandika kwenye madaftari. Maneno hayo mawili hayana undugu. Katika maandishi ya Kigiriki ya kale kuliko yote, ya kabla ya mwaka 1200 KK, neno la mafuta lilikuwa na sauti ya w katikati, elaiwon, na sauti hiyo ndiyo iliyobaki katika Kilatini oliva. Eleos haijawahi kuwa nayo. Kufanana kwao ni kwa masikio tu, na kulizidi pale matamshi ya Kigiriki yalipobadilika. Niliwaambia wanakikundi wafute. Wengine walikataa, wakisema ile ya mafuta ilikuwa nzuri zaidi.

Matamshi hayo yaliyobadilika ndiyo yaliyotupa "Kyrie eleison," ambayo kwa maandishi ni "Kyrie eleeson," amri ya mara moja: fanya eleos, sasa. Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, anasimulia kwamba wakati wa sala ya jioni shemasi alitaja majina ya watu mmoja mmoja, na kwa kila jina watoto wengi waliosimama pale waliitikia Kyrie eleison kwa sauti zisizohesabika. Sisi tunaimba "Bwana utuhurumie," na nimeizoea hata nisingependa ibadilishwe. Ila Bartimayo kipofu, aliyepiga kelele kando ya barabara ya Yeriko kwa kitenzi hicho hicho, anasema katika Biblia yetu "unirehemu," na kabla ya hapo anamwita Yesu "Mwana wa Daudi." Anamwita kwa ukoo. Ombaomba anayekuita kwa jina la babu yako ana mpango: anakukumbusha kwamba kuna nyumba unayotoka, na kwamba nyumba hiyo ina deni la fadhili.

Huruma ya tumboni, ile inayomshika mtu kabla hajafikiri, ina kitenzi chake chenyewe katika Injili: splankhnizomai, kilichotengenezwa kutoka kwa splankhna, yaani maini, moyo, figo na vyote vya ndani. Kimo mara 12, katika Mathayo, Marko na Luka tu. Kiswahili kingeweza kukifikia kwa urahisi, maana sisi nasi tunazo habari za kukata maini, lakini watafsiri waliona afadhali "akamhurumia," na sina ugomvi nao. Katika Mathayo 18 walifanya kazi ya kupendeza. Mtumwa anayedaiwa talanta 10,000 anaanguka miguuni, na "bwana wa mtumwa yule akamhurumia": hapo ni maini. Mtumwa yuleyule anatoka nje, anamkaba koo mwenzake anayedaiwa dinari 100, na bwana anapomwita tena anamwuliza, "Haikukupasa kumrehemu mjoli wako, kama mimi nilivyokurehemu wewe?" Hapo ni eleos. Kiswahili kimebadilisha neno palepale Kigiriki kilipobadilisha. Maini hayaamriwi, na bwana hamuulizi mtumwa kwa nini hakusikia uchungu. Anamuuliza kwa nini hakutenda lililompasa.

Uangalifu huohuo uko katika Luka 18:13. Mtoza ushuru aliyesimama mbali, akijipiga-piga kifua, angeweza kuandikiwa "unirehemu" na hakuna ambaye angelalamika. Lakini Kigiriki chake si eleeson bali hilastheti, kitenzi cha upatanisho wa hekaluni, cha mzizi mmoja na hilasterion ya Waebrania 9:5 ambayo tunaiita kiti cha rehema. Watafsiri wakamwekea: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Mistari 25 mbele, kipofu wa Yeriko analia "unirehemu." Niwie radhi ni maneno ya mtu aliyekukanyaga, naye anajua amekukanyaga.

Tulifunga mfululizo huo kwa Msamaria, ambaye Luka amempa maneno yote mawili. Alipomwona majeruhi "alimhurumia," na hayo ni maini. Mwishoni Yesu anamwuliza mwanasheria ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani yake, naye anajibu, kwa Kigiriki, "yule aliyefanya eleos pamoja naye." Biblia ya Union imeandika "aliyemwonea huruma," na hapo, kwa mara moja, nadhani imepoteza kitu. Mwanasheria hakuyaona maini ya mtu. Aliona majeraha yakifungwa, mgonjwa akipandishwa juu ya mnyama, nyumba ya wageni, na dinari mbili, ambazo ni ujira wa kibarua wa siku mbili. Akachagua msemo wa agano, wa Daudi na Yonathani, akampa Msamaria, mtu ambaye hakuwa na agano na Myahudi yeyote. Alijua Maandiko yake, na ninaamini alijua alichokuwa anasema, ingawa jina la kabila lile hakutaka kulitamka.

Nilipomaliza, mama wa vitumbua alikuwa bado amelalia mstari wa 35, pale Msamaria anapomwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba akirudi atalipa chochote kitakachozidi. Akauliza kama alirudi. Nikamwambia kwamba Luka haandiki. Akatikisa kichwa, akasema kwamba yeye ana daftari la madeni lenye kurasa tatu, na kwamba kila jina lililomo lilitamka maneno hayo hayo, nikirudi nitakulipa, na wengine wamehama mtaa. "Basi mwenye nyumba ya wageni mnamruka kila mwaka," akasema, "na ndiye aliyebaki na mgonjwa." Kijana wa simu alitafuta mstari unaofuata, akakuta hadithi imekwisha, na mama akavua miwani akaanza kukusanya vikombe.